Sekunde Kumi na Tano

Nyundo alimpiga Profesa ngumi ya kwanza mlangoni mwa ofisi, kabla ya salamu. Ya pili ilimkuta akianguka.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Sisi watu wa kiwanda cha mbao tulikuwa tumesimama uani bila kazi, maana jana yake msumeno mkubwa ulikuwa umemkata Sindano mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Sindano ndiye aliyekuwa akipanga magogo kwenye toroli la msumeno. Nyundo ni kaka yake, mfua vyuma, mtu wa shingo fupi na mikono kama miguu ya watu wengine. Alikuja na binamu zake wawili, na hakuna kati yetu aliyemwuliza anataka nini.

"Simama," alimwambia Profesa. "Simama nikuangushe tena."

Profesa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Jina hilo tulimpa sisi kwa kumkejeli, kwa sababu ya miwani na viatu vyake vyeupe. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Tajiri, mwenye kiwanda, swichi za zamani zilipoharibika. Badala ya kununua swichi mpya, Profesa alimwandikia ukurasa wa kompyuta, unaofunguka kwenye kivinjari cha tableti kama mtu anavyofungua habari za mpira. Ukurasa wenyewe una vitufe vitatu: Anza, Ghairi na Simama. Ukigusa Anza, king'ora kinalia na programu inasubiri sekunde kumi na tano ili watu waondoke, ndipo msumeno uwake. Ndani ya zile sekunde, ukiona mtu bado yupo, unagusa Ghairi. King'ora kinanyamaza, skrini inaandika IMEGHAIRIWA, na msumeno hauwaki.

Ndivyo alivyotuambia.

Mimi ndiye mwendesha msumeno. Wananiita Shoka. Shule niliiacha darasa la tano na sikuwahi kuikumbuka.

Jana yake nilikuwa nimegusa Anza, king'ora kikalia, nikamwona Sindano ameinua mkono. Gome la gogo lilikuwa limekwama kwenye meno ya msumeno. Nikagusa Ghairi. King'ora kikanyamaza, skrini ikaandika neno lake, nami nikampungia Sindano, "Nenda, toa." Akaenda. Akainama. Msumeno ukawaka.

Sitaeleza sana. Sauti ya msumeno ukikata mbao na ukikata mfupa hazifanani, ila haziko mbali kama mtu anavyodhani. Sindano hakupiga kelele. Alitazama mahali mkono ulipokuwa, akaniambia, "Shoka, zima," kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Nilizima, nikavua mkanda wa suruali yangu, nikamfunga bega mpaka mkanda ukaingia nyamani.

Sasa Nyundo alikuwa amemshika Profesa kola na kumwinua hadi ncha za viatu vyeupe zikakwaruza chini. Miwani ilikuwa imeshakanyagwa. Tajiri alikuwa ndani ya ofisi, na sote tulisikia ufunguo ukizunguka.

"Tajiri naye kajifungia," alisema Mama Stoo, ambaye ndiye mtunza vifaa na ndiye pekee pale asiyemwogopa mtu. "Toka, baba! Toka uone kiwanda chako!"

Ufunguo haukuzunguka tena.

"Mkono wa mdogo wangu uko wapi?" Nyundo alimuuliza Profesa, na kabla hajajibiwa akampiga tumboni. Profesa alijikunja, akatapika chai. "Uko wapi? Wewe umesoma. Nijibu."

"Programu inafanya kazi," Profesa alisema akitema damu. "Nimeijaribu jana jioni, nimefungua mkanda unaozungusha msumeno nikaijaribu mara arobaini. Anza, Ghairi. Anza, Ghairi. Injini haijawaka hata mara moja."

"Basi nani kaiwasha? Jini?"

Profesa akainua kichwa. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, yakitafuta. Yakanipata.

"Mwulizeni shemeji yangu kama kweli aligusa Ghairi."

Binamu wa Nyundo aliyekuwa karibu nami akasogea hatua moja, na nikaona ameshika kipande cha chuma nyuma ya mguu.

"Unasemaje wewe?" nilimuuliza.

"Nasema hukugusa, shemeji. Ulisahau. Au ulichelewa. Mashine haisemi uongo."

Mtu huyu nimemlisha kwangu miaka miwili. Nilimfikia kwa hatua tatu nikampiga kofi lililomgeuza uso, na Nyundo, aliyekuwa bado amemshika, akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Niligusa," nilisema. "Skrini iliandika. Nililiona neno kwa macho yangu haya."

"Basi mmoja wenu ni muongo," Nyundo alisema. "Na mimi sina haraka. Nitampasua mmoja, halafu mwingine atasema ukweli."

"Huyo aweke mkono wake," alisema binamu mwenye chuma. "Si anasema mashine yake haiwaki? Aweke pale alipoweka ndugu yetu."

Alikuwa akitania, au nusu akitania. Lakini Profesa alijipangusa mdomo na kusema, "Nitaweka."

"Wacha upumbavu!" Mama Stoo alipiga kelele.

"Nitaweka. Arudishe mkanda wa msumeno, aguse Anza, aguse Ghairi mbele ya watu wote. Msumeno usipowaka mtajua nani alimkata Sindano."

Sitasema kwamba sikujua ninachokifanya. Nilijua kwamba jana niligusa Ghairi, na kwamba msumeno uliwaka hata hivyo. Kwa hiyo nilijua kwamba leo pia unaweza kuwaka, na mkono wa shemeji yangu ukaenda pale ulipokwenda wa Sindano. Nilijua hivyo nikirudisha mkanda kwenye gurudumu. Nilijua nikiukaza. Aliniita muongo mbele ya watu, na mimi sikutaka kitu kingine duniani ila aonekane yeye ndiye muongo.

Kitanda cha msumeno kilikuwa bado na damu, imekauka ikawa nyeusi, imeshikana na unga wa mbao. Profesa alikunja shati hadi begani. Mkono wake ulikuwa mwembamba, mweupe upande wa ndani. Aliulaza kitandani, vidole mbele ya meno ya msumeno, kiwiko sawasawa na damu ya Sindano. Nyundo akaweka mkono wake mkubwa juu ya bega la Profesa na mwingine juu ya kifundo cha mkono, upande wa huku, mbali na meno.

"Nisikushike? Utaruka," alisema.

"Siruki."

"Wote husema hivyo."

Mimi nilisimama kwenye nguzo yenye tableti, hatua sita kutoka pale. Mama Stoo alikuwa ananung'unika maombi au matusi, sikusikia vizuri, kisha nikamwona anakimbia kuelekea stoo.

"Gusa," Nyundo alisema. "Kama ulivyogusa jana."

Nikagusa Anza. King'ora kikalia, kile cha kupasua masikio. Profesa alikuwa amegeuza uso kunitazama. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne. Nikagusa Ghairi. King'ora kikanyamaza. Skrini ikaandika IMEGHAIRIWA, nikaigeuza tableti kwenye nguzo yake ili wote waone.

"Mmeona?" Profesa alisema. Alianza hata kutabasamu na midomo yake ile iliyopasuka. Kisha tabasamu likasimama. "Shemeji. Mbona umegonga mara mbili?"

"Nimegonga nini?"

"Anza. Hata bila miwani nimeona, kidole chako kimeshuka mara mbili."

"Mimi hugonga mara mbili," nilisema. "Siku zote."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Alivuta mkono. Nyundo akaukandamiza.

"Unakimbilia wapi?"

"Niachie! Inawaka! Niachie!"

"Ulisema huruki."

Sikuelewa kilichotokea ndani ya ile tableti. Nilielewa uso. Niliokota mtaimbo tunaogeuzia magogo, chuma cha urefu wa kimo changu, nikakimbia zile hatua sita na kumpiga Nyundo mkono kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulivunjika, nilisikia. Alipiga ukelele, akaachia, na mimi nikamvaa Profesa kwa bega tukaanguka wote wawili upande wa pili wa kitanda. Msumeno ukawaka juu yetu.

Mtaimbo ulibaki kitandani. Meno ya msumeno yaliukuta. Cheche ziliruka kama moto wa Nyundo mwenyewe kiwandani kwake, chuma kikapiga mayowe, na jino moja la msumeno likang'oka na kuja kunipasua shavu mpaka nikahisi hewa inaingia kwenye fizi. Lingine lilitoboa bati la paa. Mtaimbo wenyewe uliruka ukampata binamu mwenye kipande cha chuma kwenye goti, akaenda chini akimwita mama yake. Kisha kila kitu kikazima kwa pamoja, injini, feni ya ofisi, taa zote. Mama Stoo alikuwa amevuta swichi kuu kule stoo.

Msumeno uliendelea kuzunguka wenyewe, pole pole, ukilia na meno yake mapengo. Ulipokoma, Mama Stoo alitokea mlangoni.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Bado," nilimjibu, na damu ikanimwagikia kidevuni.

Profesa alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. Ulikuwa mzima. Nyundo alikuwa amepiga magoti upande wa pili, mkono wake wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Hata hivyo alikuwa ameshaokota gongo la mti kwa mkono wa kushoto.

"Semeni," alisema. "Semeni haraka kabla sijasimama."

Profesa alieleza. Alieleza vizuri, nami kwa mara ya kwanza nilimsikiliza.

"Kila ukigusa Anza, programu inaweka saa ya kuhesabu. Kila saa ina namba yake. Ghairi ikitaka kuisimamisha saa, lazima iijue namba. Mimi niliacha nafasi moja tu ya kuandika namba. Ni kama ubao wa Mama Stoo, ule anaoandika namba ya gogo kwa chaki. Shemeji akigonga mara moja, namba inaandikwa. Akigonga mara ya pili, saa nyingine inaanza, na namba yake inaandikwa juu ya ile ya kwanza. Ghairi inasoma ubao, inaisimamisha ya pili. Ya kwanza haipo ubaoni. Inaendelea kuhesabu peke yake, hakuna wa kuikataza, mpaka sekunde kumi na tano ziishe."

"Na mbona miezi miwili haikumkata mtu?" Mama Stoo aliuliza.

"Kwa sababu Ghairi ilikuwa haijaguswa. Kila siku mlitaka msumeno uwake. Saa ya kwanza ikiuwasha, ya pili inaukuta umeshawaka, haibadilishi kitu. Jana ndiyo mara ya kwanza mtu kughairi."

"Na wewe ulipojaribu mara arobaini?"

"Niligusa mara moja moja." Aliinamisha kichwa. "Mimi hugusa mara moja. Sikufikiria kwamba kuna mtu anagusa mara mbili. Ningeandika mstari mmoja tu, mmoja, wa kuizuia saa ya pili isianze. Kosa ni langu. Nyundo, kosa ni langu."

Nyundo akasimama. Gongo lilikuwa limekaa vizuri mkononi.

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu. Profesa hakunitazama. Angeweza kusema jambo moja akajiokoa, na hakulisema, akatazama chini akangoja kipigo. Kama ningenyamaza, angepigwa yeye, labda angekufa, na mimi ningeshonwa shavu na kurudi kazini.

"Aliniambia," nilisema.

Nyundo akageuka.

"Siku ya kwanza alipofunga hii tableti, aliniambia, shemeji, gusa mara moja tu, usigonge-gonge. Aliniambia mbele ya Sindano. Swichi ya zamani ilikuwa ya chuma, imekufa nusu, ukiibonyeza mara moja haishiki, lazima mbili. Nimebonyeza mbili miaka kumi na tisa. Nikamwambia Profesa, wewe andika andika yako, mimi msumeno naujua. Tukacheka, mimi na Sindano."

"Hukusema jana."

"Jana sikujua kwamba ndiyo sababu."

"Lakini ulijua kwamba unagonga mbili."

"Nilijua."

"Na leo ukagonga mbili tena. Na mkono wa shemeji yako uko pale."

"Kidole kiligonga chenyewe," nilisema, na niliposikia maneno hayo yanatoka kwenye mdomo wangu niliyaona ni ya kipuuzi. "Ndiyo. Niligonga."

Nyundo alitupa gongo. Nadhani alitaka kunihisi kwa ngozi yake. Aliniambia nishushe mikono, nikaishusha. Ngumi ya kushoto ilinikuta kwenye shavu lililopasuka, nikaona nyota na jua lake. Nilisimama. Akanipiga sikioni. Nilisimama tena, si kwa ushujaa, miguu tu ilikataa kulala. Ya tatu ilivunja pua. Alikuwa analia kila anapopiga, kwa sababu kila pigo lilitikisa ule mkono wake uliovunjika, na labda kwa sababu nyingine. Ya nne ilinilaza kwenye unga wa mbao, na yeye akaanguka juu yangu, akanikaba koo kwa mkono mmoja, pumzi zake zikinipiga usoni. Sikuushika mkono wake. Nilianza kuona kila kitu cheusi kwa pembeni.

"Nyundo," Mama Stoo alisema. "Nyundo, baba. Huyo siye wa kwako. Ni wa Sindano. Mpelekee Sindano."

Vidole vililegea kidogo kidogo.

Tulikwenda hospitali nyuma ya gari la Tajiri la kubebea mbao, Tajiri mwenyewe, aliyetoka ofisini mwishowe, akiendesha bila kugeuka nyuma. Nyundo alikaa upande mmoja, mkono umefungwa kwa ubao na kamba. Mimi upande wa pili na kitambaa cha Mama Stoo mdomoni. Binamu na goti lake katikati, Profesa karibu na mlango wa nyuma. Binamu alimwambia dereva kwenye kila shimo kwamba na yeye Mungu anamwona.

Muuguzi wa zamu alitutazama tukiingia.

"Ajali ya gari?" aliuliza.

"Mazungumzo," binamu alimjibu.

Alitaka kutushona kwanza. Nyundo akasema nitashonwa nikitoka, akanisukuma hadi wodini, akasimama mlangoni akiziba njia.

Sindano alikuwa amekaa kitandani, mrefu na mwembamba kama jina lake, bandeji ya mkono uliokatwa ikiwa imelowa manjano na nyekundu. Midomo ilikuwa imepauka. Alinitazama pua, shavu, koo, akamtazama kaka yake na ule ubao.

"Nani kafanya nini?" aliuliza.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu zile saa mbili za kuhesabu, na ubao wa chaki, na Profesa alivyotuonya sote wawili. Nilimwambia pia kwamba leo niliacha shemeji yangu aweke mkono huku nikijua. Kuongea kuliniuma, damu ilinijaa mdomoni, nikawa nameza ili niendelee. Sindano alisikiliza bila kupepesa.

"Nilicheka siku ile," alisema mwishowe.

"Ulicheka, lakini kidole kilikuwa changu."

"Kilikuwa chako, ndiyo." Akainua mguu kutoka chini ya shuka na kunipiga teke la kifua lililonirudisha hadi kitanda cha jirani. Mgonjwa wa pale aliamka akatukana. Sindano alikuwa amefumba macho, anahema, maumivu yamemzidi, jasho linamtiririka.

"Nikipona nitakupiga sawasawa," alisema. "Hiyo ni ya kushikia nafasi."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Njoo huku." Alikuwa amevaa suruali ileile ya jana, maana hakukuja na nyingine, kiuno kimeachwa wazi. "Tangu asubuhi nataka kwenda chooni. Muuguzi ni binti mdogo, naona haya kumwomba. Kwa mkono wa kushoto siwezi kifungo, kinaniponyoka. Nifunge nisimame, tukifika unifungue, halafu unifunge tena."

Nilitazama mlangoni. Nyundo aliegemea fremu, ameukumbatia mkono wake uliovunjika, akatazama dari.

"Na kesho?" niliuliza.

"Kesho nitakuwa nimeota mkono mwingine? Utakuja kesho. Utakuja na keshokutwa, mpaka nitakapokuambia usije."

Niliinama mbele yake. Damu ya pua ikadondoka kwenye goti lake. Kifungo kilikuwa kidogo, tundu limelegea. Kilinishinda mara ya kwanza.

"Kaza," alisema.

Nikakaza.